Namna ya kupata sensei wa karate atakayekufikisha uzeeni magoti yakiwa mazima (kwa wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu)

Wakuu, kila ikifika Januari naulizwa jambo lile lile, nataka kuanza karate, au nataka kumpeleka mtoto, niende klabu gani na bei gani. Sawa, bei ni muhimu, ila mi naona kuna swali linatakiwa litangulie: huyo mwalimu wanafunzi wake wa zamani wako wapi saivi? Kama mtu anafundisha miaka nenda rudi alafu darasani kwake hakuna ata mmoja aliyevuka 35, wote ni vijana wa sekondari na wa bodaboda, basi kuna kitu kinawatoa watu pale, ni magoti, ni matusi au ni hela. Karate watu wanaifanya mpaka uzeeni kabisa, sasa iweje kwake waishe wote wakifika 25?

Kwaiyo nimeandika hivi kwa hatua, zingine ndefu zingine fupi, chukua kinachokuhusu.

Hatua ya 1: Usipoteze muda kuchagua mtindo

Watu wanakaa miezi wanaangalia video wanabishana Shotokan au Goju-ryu au Kyokushin, wakati mjini kwake klabu zenyewe zinahesabika. Kwa kifupi tu: Shotokan inatokana na Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, utaona misimamo mirefu ya chini na mapigo ya mbali. Goju-ryu ni ya Chojun Miyagi, naye wa Okinawa, misimamo mifupi, kupumua sana, kazi ya karibu karibu. Kyokushin ya Mas Oyama mnagongana mwilini kweli kweli, ila ngumi za usoni haziruhusiwi. Zote zinaweza kukuzeesha vizuri na zote zinaweza kukuvunja, inategemea nani anafundisha. Sensei mzuri wa mtindo usioupenda, anayefundisha Ilomba na wewe unakaa Sae, ni bora kuliko sensei wa ndoto zako aliyeko Dar.

Na umbali usiudharau. Ukipata klabu inayotaka bajaji mbili kwenda na mbili kurudi, mvua zikianza Novemba we mwenyewe utajikuta umeacha.

Hatua ya 2: Nenda ukae pembeni uangalie

Usilipe kitu siku ya kwanza. Nenda, msalimie mwalimu, mwambie "shikamoo sensei, naomba nikae niangalie mazoezi." Akikataa mtu mzima kuangalia mazoezi ya kawaida, ondoka. Nenda siku mbili tofauti, kama inawezekana moja iwe ya watoto na moja ya wakubwa, maana wapo wanaobadilika.

Ukikaa pale usiwaangalie wale mafundi wa mbele wanaorusha mateke ya kichwani. Hao wangekuwa wazuri popote. Angalia mstari wa nyuma, yule mama mnene aliyeanza mwezi uliopita, yule dogo anayechanganya kulia na kushoto, yule mzee ambaye kiuno hakifunguki. Mwalimu anafika kule? Anajua majina yao? Akifika anafanya nini, anarekebisha kitu kimoja na kuondoka au anamwaga makosa kumi mtu anabaki amesimama kama nguzo ya Tanesco?

Hesabu pia umri (sio idadi, umri). Darasa lenye watoto, vijana, na watu wawili watatu wenye mvi ni dalili nzuri kuliko makombe yote yaliyopangwa kabatini. Hao wenye mvi ndio wa kuongea nao mazoezi yakiisha. Waulize, umeanza lini, umewahi kuumia, ulipoumia sensei alifanya nini. Hilo la mwisho ndio lenyewe, sikiliza jibu lake kwa makini.

Hatua ya 3: Mwangalie anavyorekebisha mtu

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo ualimu ulipo.

Kuna mzee mmoja anafundisha kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji hapa Mbeya, jina sitaji, hapendi. Siku moja kuna kijana fundi ujenzi alikuwa kwenye zenkutsu dachi, ule msimamo wa mguu mmoja mbele umekunjwa, na goti lake la mbele lilikuwa linaangukia ndani kila akipiga ngumi. Hili kosa ni la kawaida kabisa na ndilo linaloua magoti taratibu, maana nyayo inaelekea mbele, goti linaelekea ndani, pale katikati panasokotwa kila pigo, na kwa jioni moja unaweza kupiga mapigo mia tatu.

Mwalimu mwingine angepiga kelele "goti nje!" akapita. Au angempiga na fimbo kwenye paja. Mzee akamsogelea akamuuliza:

"Dogo, we si fundi?"

"Ndio sensei."

"Haya piga timazi hapo kwenye goti lako. Kamba ya timazi inaangukia wapi?"

Kijana akainama akaangalia, akacheka mwenyewe. "Inaangukia nje ya mguu sensei, huku ndani."

"Ukuta huo ungeusaini?"

"Hapana, ningebomoa."

"Basi bomoa ujenge tena."

Kijana akajirekebisha mwenyewe, goti likaja juu ya vidole. Mzee hakumgusa. Wiki zilizofuata nikawa namwona yule dogo kabla ya kupiga anaangalia chini kidogo, anapiga timazi lake. Sasa hapo kuna mambo kadhaa: mzee aliona goti na sio ngumi, alijua mtu anafanya kazi gani, na alimwachia macho ya kujikagua ata akiwa peke yake. Mwanafunzi anayeweza kujikagua ndiye atakayefanya karate miaka thelathini, kwa sababu miaka mingi ya hiyo atakuwa anafanya peke yake nyuma ya nyumba.

Kwaiyo ukikaa pembeni jiulize hivi: huyu mwalimu anawafundisha waone, au anawafundisha wamsikilize tu?

Pia muulize kitu kimoja cha kata yoyote (ule mfululizo wa kinga na mapigo uliopangwa, unaofanywa peke yako), hii kinga ya hapa ni ya nini. Mwalimu anayejua atakuonyesha na mtu, polepole, labda na njia mbili. Asiyejua atakwambia ni siri, utaelewa ukifika mkanda mweusi. Hamna siri bwana.

Hatua ya 4: Mkanda uuheshimu ila usikutishe

Mikanda yenyewe sio ya kale kama watu wanavyodhani. Mfumo wa dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, aliuanzisha Jigoro Kano kwenye judo, na Funakoshi akauchukua, mikanda myeusi ya kwanza ya karate akaitoa mwaka 1924. Wazee wa Okinawa kabla ya hapo walifanya mazoezi maisha yao yote bila rangi yoyote kiunoni. Kwaiyo mtu akikwambia yeye ni dan ya ngapi sijui, mpe heshima yake alafu uliza vitu viwili: ulipewa na nani, na saivi mwalimu wako ni nani?

Swali la pili ndio linawatoa jasho. Sensei mzuri ana mwalimu au wenzake wakubwa anaowafuata, anasafiri kwenda semina Dar au Arusha au nje, anarudi anasema "jamani hii nilikuwa nawafundisha hivi, tubadilishe." Na mwenyewe anafanya mazoezi. Namaanisha anatoka jasho, sio anasimama mbele na filimbi. Mwili wake unaweza kuwa umechoka, teke lake likawa la kiunoni tu, hilo halina shida, mradi unaona bado anajifunza.

Kuhusu muda, kwa mtu mzima anayekuja mara tatu kwa wiki, mkanda mweusi ni miaka mitatu mpaka mitano au zaidi kutegemea klabu. Anayekuahidi mwaka mmoja anakuuzia kitambaa.

Hatua ya 5: Vitu vya kukuondoa pale siku hiyo hiyo

Nitavitaja haraka maana havihitaji maelezo mengi.

Kichurachura kama adhabu, mizunguko na mizunguko uwanja mzima. Sote tumelelewa nacho shuleni lakini kuruka umechuchumaa mpaka chini wakati misuli imechoka ni kuyatwisha magoti mzigo bure, na kwa mwenye kitambi ni balaa. Pushapu za ngumi kwenye kokoto kwa watoto. Kuwapiga watoto matumboni eti wakomae. Mifupa ya mtoto bado inakua, mwisho wa mfupa pale kwenye viungo bado ni laini, haitakiwi kugongeshwa mbao na kuta. Ata Anko Itosu, mzee aliyeiingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900, alitengeneza kata nyepesi maalumu kwa ajili ya wanafunzi, zile Pinan ambazo Shotokan wanaziita Heian. Sasa miaka zaidi ya mia imepita, mtu wa Mbeya anataka kumkomaza mtoto wa miaka saba kwenye changarawe, kweli?

Hela zinazoibuka. Uliza mwanzoni kabisa ada ya mwezi, hela ya mtihani, hela ya mkanda, usajili, na kama gi (nguo ya karate) lazima ununue kwake. Mwalimu anayestahili atakutajia zote bila kukunja uso. Klabu za michezo zinatakiwa zisajiliwe, BMT (Baraza la Michezo la Taifa) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 na kwenye halmashauri kuna afisa michezo, pita ofisini ukaulize hiyo klabu inajulikana au la, haichukui muda.

Anayekukataza kutembelea klabu nyingine. Anayewasema vibaya walimu wengine wote.

Na hili wazazi nawaomba mlisome mara mbili: mwalimu anayebaki peke yake na mtoto mmoja mmoja mlango umefungwa, anayewatumia mabinti meseji za usiku, anayetaka "mazoezi binafsi" nyumbani kwake. Mkanda wake uwe mweusi, uwe mwekundu, mtoe mtoto na ukatoe taarifa.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu kumite (kupigana) na kichwa

Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, fainali ya wanaume wazito, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa akazima kabisa, akatolewa nje kwa machela. Dhahabu akapewa aliyelala. Watu wengi walikasirika, ila sheria ya mashindano yale ndiyo hiyo, unatakiwa uweze kulizuia pigo lako. Mimi nipo upande wa waamuzi, semeni mtakavyo.

Klabuni kwenu napo muulize sensei mtu akipigwa kichwa mnafanyaje. Jibu sahihi ni kwamba anatoka, haingii tena siku hiyo ata akisema yuko poa, anaangaliwa, akianza kutapika, kuchanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma au akilala ovyo anapelekwa hospitali. Anarudi kidogo kidogo, mazoezi mepesi kwanza, kupigana mwishoni kabisa. Ukiambiwa "tunammwagia maji anaendelea", asante sana, kwaheri.

Hatua ya 7: Mwili wako na hii baridi yetu

Huku kwetu juu kuna mambo yake. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwaiyo ukitoka pwani wiki za kwanza utahema kama umekimbizwa, usijilaumu. Juni na Julai, hasa Njombe, Makete, Mafinga, sakafu ni barafu na misuli imekaza. Kupasha mwili kusiwe chini ya dakika kumi mpaka kumi na tano, na ukipasha usivue jaketi mpaka jasho lianze. Kujinyoosha kule kwa kukaa muda mrefu, msamba na nini, weka mwishoni mwili ukiwa wa moto. Wanaofika wamechelewa wanaruka moja kwa moja kwenye mateke ndio hao nyonga zinawasumbua wakifika 45.

Sakafu ya saruji ya kukwaruza ina shida moja kubwa. Ukipiga mawashi geri, lile teke la kuzungusha, mguu wa kusimamia unatakiwa uzunguke nao. Ukigoma kuzunguka kwa sababu sakafu imeushika, goti ndio linazunguka badala yake, na goti halikuumbwa lizunguke. Kwaiyo inua kisigino kidogo, geuka kwanza, teke lifuate. Sakafu ikiwa vigae usivae soksi, utaanguka.

Unapopiga ngumi au teke hewani usiufungue mkono au goti mpaka likagonga mwisho. Acha kamkunjo kadogo. Najua inapendeza mkono ukigonga mwisho na gi ikalia "pah", ila fanya hivyo kwa miaka kumi alafu uniambie viwiko vyako vinasemaje.

Mwenye presha akapime kabla ya kuanza na amwambie mwalimu. Kwa Goju hasa, kata ya Sanchin inafanywa kwa kukaza mwili mzima na kupumua kwa nguvu, na kukaza huku umebana pumzi kunapandisha presha. Sensei anayejua atakwambia uifanye laini, pumzi ikitoka taratibu, na haitakuwa aibu.

Gi sio haraka. Traki na tisheti zinatosha miezi ya mwanzo, na ukizunguka mitumba ya Mwanjelwa asubuhi ya siku marobota yanapofunguliwa unaweza kubahatika kupata gi nzito ya judo, inafaa tu.

Hatua ya 8: Panga karate kwa umri na kwa msimu

Miaka ya 20 pigana, shindana, safiri, mwili unaruhusu. Ila usijenge karate yako yote kwenye kushinda, maana ukipigwa na kijana wa miaka 19 kwenye mashindano ya kanda utaona dunia imeisha na utaacha. Nimewaona wengi, wanaacha wakiwa na 27, wanaanza kutuhadithia vijiweni.

Miaka ya 30 na 40 ndio inaua wengi zaidi, sio kwa maumivu, kwa majukumu. Ndoa, watoto, kazi, na huku kwetu kuna shamba. Mvua zikianza nusu ya klabu iko Mbozi inapanda mahindi, na wenye mpunga Mbarali wakifika mavuno huwaoni. Mwalimu mzuri analijua hilo, hawafukuzi wala hawatukani wakirudi, anawapa kazi ya kwenda nayo. Wewe jiwekee hivi: ukiwa shamba, kata moja tu, ile unayoijua vizuri, mara tano jioni kabla ya kuoga, mara mbili za kwanza polepole sana. Dakika ishirini hazifiki. Usijaribu kubeba silabasi nzima utashindwa na utaacha yote.

Ukivuka 50 punguza kuruka, punguza mateke ya juu, ongeza nguvu za miguu na kusimama kwa mguu mmoja, maana adui wa uzeeni ni kuanguka bafuni kuliko kibaka. Kata ifanye kwa undani. Fanya kazi ya mikono na mwenzako, kusukumana na kuhisi. Funakoshi alifariki 1957 akiwa na miaka 88, na miaka ya mwisho bado alikuwa anaheshimika kama mwalimu, sio kwa sababu alikuwa anaruka. Na mkisema hiyo ni zamani, kwenye Olimpiki ile ile ya Tokyo, dhahabu ya kata ya wanawake alichukua Sandra Sánchez wa Hispania akiwa na miaka 39. Kwaiyo dada yangu wa miaka 38 hapo Kihesa unayesema umechelewa, umechelewa nini?

Hatua ya 9: Ukihama

Maisha ni kuhama, leo Iringa kesho Tunduma. Kabla hujaondoka mwage sensei wako ana kwa ana, muombe barua fupi au namba ya mtu anayemfahamu huko uendako, na nakala ya vyeti vyako vya mitihani uvipige picha, maana vikilowana ndio basi. Ukifika klabu mpya beba mkanda wako kwenye begi pamoja na mweupe. Msalimie mwalimu mpya, mwambie umetoka wapi na mtindo gani, alafu muulize "sensei, nifunge upi?" Akisema mweupe, funga mweupe, ata kama ulikuwa wa kahawia, na usianze kuwafundisha wenzako wiki ya kwanza.